Shubiri Mbili

Mwezi wa nne, tope la Bahi lilikula trekta la Mbeleje
mpaka kwenye taa.
Mimi lilinilia buti la kushoto,
la pili katika miaka miwili.
Ya kulia ninayo mawili. Nani ananunua?

Mpunga wangu, magunia kumi na matatu,
ulikuwa ng'ambo ya mbuga, umeshapigwa, umeshafungwa,
unasikiliza mvua.
Punda alifika nusu ya njia, akaniangalia,
akageuka.

Nikaenda kwa Ndahani, mchomeleaji wa nyuma ya stesheni,
yule aliyeng'oa magurudumu ya nyuma ya toyo
akaivisha mkanda wa mashine ya kokoto,
vyuma vimepigiliwa kukatisha upana wake,
ukizunguka kama minyororo ya kifaru cha jeshi.
Watu walicheka, na walikuwa na haki:
toyo ilikwenda hatua arobaini
ikakaa kitako.

"Weka injini kubwa," walisema vijana.
Ndahani akazima grenda, akavua miwani.
"Injini kubwa itachimba kaburi haraka zaidi.
Tope ukilipiga teke linakushika mguu.
Lipatie tumbo, usilipatie kisigino."

Alikuwa amemwona ndege kule bwawani,
wa rangi ya kahawia, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi
wala hazami.
Vidole, aliniambia. Mtazame vidole:
virefu kana kwamba kaviazima kwa ndege mwingine
na mwenyewe hajaja kuvidai.

Basi tukarefusha.
Futi kamba yake ilikuwa imekatika mwanzoni,
inaanza kuhesabu kwenye kumi na nne,
kwa hiyo tukapima kwa shubiri.
"Yako au yangu?" nikauliza,
maana mkono wake na wangu unapishana kidole kizima.
"Yako. Mpunga ni wa nani?"

Nikatanua kiganja juu ya chuma, mara mbili.
Akaweka alama ya chaki pale kilipoishia kidole changu cha mwisho,
akakata.
Cheche zilinitoboa kanga mahali patano.

Beringi za pawatila iliyokufa,
springi ya kukaza mkanda,
cheni ikaongezwa pingili kumi na moja,
sproketi ya mbele ikabadilishwa, ikawekwa yenye meno machache.
"Itakwenda polepole," alisema,
"kama mgeni anayetafuta choo."
Malipo: beberu mmoja na gunia moja, ikivuka.
Isipovuka, beberu peke yake.

Jumamosi mvua ilipumzika.
Toyo ikaingia mbugani, nami nyuma nimeshikilia chuma,
nasubiri ule mlio,
ule wa tope likimeza mate.

Haukuja.

Tope lilibonyea tu, kama unga chini ya kiganja,
likatuacha tupite,
na nyuma yetu ikabaki alama pana,
ngazi iliyolazwa chini
kutoka kwenye trekta la Mbeleje hadi kwangu.

Tatizo likawa kugeuka.
Kitu kirefu hakipendi kona.
Tulilipita jaruba langu, tukayapita magunia yangu
(niliyapungia mkono),
tukayapita majaruba ya Lechipya na mbwa wake,
mbele, mbele, hadi ardhi ngumu ya upande wa Nagulo,
ambako watu sita waliinua mkia wa toyo kwa mikono
na bibi mmoja akatoa amri
ambazo hakuna aliyezifuata.

Saba safari ya kwanza. Sita ya pili.
La kumi na tatu nikamshushia Ndahani mlangoni,
beberu kafungwa juu yake, analalamika.

Usiku ule nilikitanua kiganja kwenye mwanga wa taa.
Toka dole gumba hadi kidole cha mwisho:
si kitu, hata sahani hakifuniki.

Mvua ilirudi alfajiri, ikaifuta ngazi yote.
Na kutoka nyuma ya stesheni, kabla hata ya chai,
grenda ilikuwa imeshaanza kulia.
Ndahani anasema sasa ni zamu ya kona.